Kinachobaki Kwenye Mwiko: Hotuba kwa Mafundi wa Vyombo vya Mbao vya Jikoni

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi asubuhi mbele ya mafundi wachongaji na wauzaji wa vyombo vya mbao jijini Dar es Salaam. Naiweka hapa yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini na waliobanwa na kazi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu, akina mama mnaouza na mnaopika, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Kabla sijaanza, naomba mnivumilie nifanye jambo dogo hapa mezani. Nina vijiko viwili vya saladi, vyote vya mninga, vyote nimevichonga mwenyewe kutoka kipande kimoja cha ubao. Kimoja nimekipaka dawa ya viatu, kama wengi wetu tunavyofanya. Kingine nimekipaka mafuta ya kitani na kukiacha mwezi mzima na nusu. Nina pia glasi mbili za mafuta ya kupikia ya uvuguvugu yaliyotiwa siki kidogo, yaani kitu kile kile ambacho mteja wetu atakimwagia saladi yake. Kimoja nakitumbukiza huku, kingine kule. Viacheni hapo hapo, tutavirudia.

Sasa utazameni mwiko huu. Ni wa mama yangu mzazi. Aliununua kabla mimi sijaanza shule, na ameusongea ugali kwa zaidi ya miaka thelathini. Mnauona ubapa wake? Ulipotoka kwa fundi ulikuwa wa duara pande zote, na leo upande wa kushoto umekatika mshazari kana kwamba umepitiwa na randa, kwa sababu mama anatumia mkono wa kulia na mwiko unasugua sufuria kwa upande ule ule kila siku jioni. Nawauliza: ule mti uliopungua umekwenda wapi? Haukuanguka sakafuni. Haukufagiliwa. Tuliula. Mimi, ndugu zangu watano, baba, na kila mgeni aliyewahi kukirimiwa nyumbani kwetu, tumeula mwiko huu chembe kwa chembe, na bahati yetu ni kwamba aliyeuchonga hakuupaka kitu.

Nimeubeba mwiko huu kwa sababu unaniondolea kazi ya kueleza mengi. Kiti hukaliwa, mlango hufunguliwa, kinyago hutazamwa; lakini chombo cha jikoni huliwa. Chochote tunachokipaka juu yake kitaliwa pia, leo kidogo na kesho kidogo. Kwa hiyo, ndugu zangu, swali la fundi wa vyombo vya jikoni haliwezi kuwa "kinang'aa?" wala "kinauzika?" Maswali ni mawili, na nitayarudia mpaka mnichoke: kinachobaki kwenye mti baada ya kukauka ni nini? Na chombo hiki kitafanya kazi gani?

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana siyo adabu kuanza na la mwenzako. Miaka mingi iliyopita nilipata oda ya bakuli arobaini za hoteli moja kisiwani. Nikafikiri kwa akili ya kawaida: bakuli ni la chakula, basi nilipake kitu cha chakula. Nikanunua dumu la mafuta ya alizeti, nikapaka mara tatu, bakuli zikatoka zinang'aa kama zimetoka kuoga. Hazikupita wiki nyingi nikapigiwa simu. Bakuli zinanata, mtu akiishika anaacha alama za vidole, vumbi limeganda, na harufu ni ile ya karai la vitumbua lililosahaulika siku tatu bila kuoshwa. Nilizichukua zote kwa boti, nikazipiga msasa upya kwa gharama yangu. Mafuta ya alizeti ni chakula, hakuna anayebisha. Lakini ndani ya mti hayakauki sawasawa wala hayabaki majimaji, yanakwama katikati.

Hapa ndipo ninapotaka tutue, kwa sababu mtu akishika jambo hili moja hatahitaji kukariri orodha ya makopo. Mafuta hayafanani. Yapo yanayokula hewa: yakipakwa, yanachukua oksijeni, yakajifunga yenyewe kwa yenyewe mpaka yakawa utando mgumu usiorudi tena kuwa mafuta hata ukiuchemsha. Hayo ni mafuta ya mbegu za kitani, ambayo madukani tunayaita linsidi, mafuta ya kokwa za jozi, yaani walnut, na mafuta ya mti wa tung unaotoka China. Yapo yasiyokauka kamwe: ya nazi, ya zeituni, ya mawese. Na yapo ya katikati, ya alizeti, ya soya, ya pamba, ambayo hukauka nusu na kukuachia unatounato ule ulionifedhehesha. Wakemia wanalo kipimo chao, wanakiita namba ya aidini: kadiri namba inavyopanda ndivyo mafuta yanavyokauka. Ya kitani huanzia kama 170 na kuendelea, ya alizeti yako kwenye 120 mpaka 140, ya zeituni kama 80, na ya nazi hayafiki hata 12.

Najua mtaniuliza kuhusu mafuta ya nazi, maana hapa pwani ukimkataza mtu mafuta ya nazi ni kama umemtukana bibi yake. Sikatazi. Namba yake ikiwa ndogo vile, maana yake hayakauki, lakini pia hayaharibiki upesi, kwa kuwa hewa haina mahali pengi pa kuyashika. Yanayoharibika haraka ni yale tunayoyapika nyumbani na kuyaepua mapema, yakabaki na maji na chembe za machicha ndani; hayo yakiingia kwenye mti yatachacha tu, na harufu yake haitoki. Yaliyosafishwa vizuri yanafaa kwa mwiko na upawa, mradi mwenye chombo ajue kwamba atapaka tena na tena. Mkipeleka mzigo Njombe au Mbeya wakati wa baridi msishangae mkikuta ukungu mweupe juu ya mti: mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzijoto kama 24, na huko asubuhi ni baridi kuliko hivyo.

Yapo pia mafuta ambayo hayakutoka kwenye mmea wowote, nayo hayachachi hata yakikaa miaka. Ni yale meupe, yasiyo na harufu wala ladha, ambayo famasi huuzwa kwa chupa kama dawa ya kulainisha choo. Jina lake ni parafini ya majimaji. Sasa sikilizeni yaliyonipata kwa jina hilo. Nilikuwa na kijana mwanafunzi wangu, kwao Kenya, mchapakazi kweli kweli. Nikasafiri, nikamwachia maagizo kwa simu: vile vibao vya kukatia vipake parafini. Nimerudi siku ya pili, nafungua mlango wa karakana, harufu inanipokea barabarani. Vibao kumi na viwili vimelala kwenye beseni la mafuta ya taa. Kwao parafini ndiyo mafuta ya taa, na mimi nilikuwa nimempa neno bila kumwonyesha chupa. Kijana hakukosea, niliyekosea ni mimi. Vibao vile vikawa rafu za stoo. Tangu siku ile hakuna anayetoka kwangu kwenda dukani bila chupa tupu ya mfano mkononi. Na msinunue mafuta ya kupaka watoto mkidhani ni yale yale, kwa sababu yale yana manukato, na sijawahi kuona mtu anayetaka kachumbari inukie mtoto mchanga.

Ndugu zangu, nije kwenye neno linalouza sana siku hizi. Neno lenyewe ni "asili". Mteja akiuliza kama ni salama, muuzaji anajibu, "Ni asili hiyo." Je, asili ni usalama?

Yupo fundi mwenzetu kutoka upande wa Mtwara aliyekuwa akipaka viti vyake mafuta yanayotoka kwenye ganda la korosho. Kwa mchwa, mafuta yale ni kiboko, na rangi yake ya hudhurungi inapendeza. Siku moja akaona aendelee na bakuli za karanga. Alinionyesha mikono yake: malengelenge mpaka kwenye viwiko, na uso wa mkewe aliyemsaidia kupangusa ulikuwa umevimba. Wabanguaji wa korosho hawahitaji kuambiwa habari hii, wanaijua kwa vidole vyao. Ni mafuta ya asili kabisa, kutoka kwenye mti wetu wenyewe, na huwezi kumwekea mtu chakula juu yake.

Lakini msiniharakishe kuhukumu, maana hadithi ina upande wa pili. Korosho na embe zina ndugu yao huko Asia, mti ambao Wajapani wanauita urushi. Utomvu wake mbichi ni mkali kuliko wa korosho, unababua ngozi vibaya. Hata hivyo Wajapani wamekuwa wakiupaka kwenye bakuli zao za supu tangu zamani za kale, na wanazinywea supu ya moto kila siku. Inakuwaje? Unapakwa mwembamba mno, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likakomaa kwenye unyevu na joto kabla ya lingine kupakwa, na ukishakomaa hautoi kitu tena. Hali ni hiyo hiyo kwa tung. Mbegu zake ni sumu, mtu akizila ataumwa. Mafuta yake yakishakauka ndani ya mti ni miongoni mwa yale ninayoyaamini kuliko yote. Mti huo hauko mbali nasi kama mnavyodhani, kwani mji wa Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, ulikua kando ya mashamba ya tung yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo sumu kwenye kopo siyo lazima iwe sumu kwenye bakuli, na asili kwenye kopo siyo lazima iwe usalama kwenye bakuli. Kinachobaki kwenye mti baada ya kukauka ni nini? Ndilo swali.

Oili chafu ya gari sitaizungumzia kwa muda mrefu, kwa sababu inanipandisha hasira. Tunaipaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, haya. Lakini nimeona vinu, vinu vya kutwangia chakula cha watoto, vimepakwa oili chafu ili visipasuke juani vikiwa vinasubiri mnunuzi kando ya barabara. Oili ile imebeba vyuma vilivyosagika kwenye injini na masizi ya moto wake, na haikauki kamwe. Kila mchi ukipiga, inapanda juu. Anayefanya hivyo anajua anachokifanya, na naomba aache. Vivyo hivyo kwa vipande vya nguzo za umeme na mbao za kijani zilizotiwa dawa: dawa ile ina sumu ya aseniki, na hakuna mafuta duniani yatakayoifunga isitoke kwenye mwiko.

Dawa ya viatu ni jambo jingine, kwa sababu tuliingia humo bila nia mbaya. Mpingo ulipoadimika na watalii wakaendelea kutaka weusi, tukachukua miti myepesi, tukaipaka dawa ya viatu nyeusi na kuisugua kwa brashi mpaka ikafanana. Kwa twiga wa kuwekwa kabatini, sioni tatizo, ingawa ningependa mteja aambiwe kwamba siyo mpingo. Tatizo lilianza tulipotoka kwenye twiga tukaingia kwenye vijiko vya saladi tukiwa na kopo lile lile na brashi ile ile. Dawa ya viatu ina nta, na nta haina ubaya. Ina vimiminiko vya jamii ya tapentaini, na hivyo vingi hupaa. Halafu ina rangi, na rangi ile ilitengenezwa kwa ngozi ya kiatu. Aliyeitengeneza hakufikiria hata siku moja kwamba ingeingia mdomoni mwa mtu. Nta ile inailegeza rangi kila inapokutana na mafuta au joto. Vijiko vyetu vya mezani vinaendelea kuloweka, na mimi naendelea.

Sasa habari ya kukauka na kukomaa, ambayo mafundi wengi wazuri wanaichanganya. Kitu kikiacha kushika vidole, tunasema kimekauka. Ndani bado. Mafuta ya kitani mabichi yanaweza kuchukua wiki kadhaa, hasa masika hewa ikiwa nzito. Ndiyo maana madukani tunauziwa yale yanayoitwa "ya kuchemshwa", ambayo kwa kweli kwa kawaida hayakuchemshwa. Yametiwa chumvi za madini, za kobalti au manganizi, na zamani hata risasi, ili yakauke kwa siku moja au mbili. Mimi kwa vyombo vya chakula natumia yale mabichi, yaliyoandikwa kwamba yanaliwa, au tung halisi. Naona kuharakisha siku kumi hakustahili kunifanya nihesabu madini. Lakini niseme haki pia: Wamarekani katika kanuni zao za utando unaogusa chakula, sehemu ya 175.300, wameorodhesha vitu vinavyoruhusiwa, na baadhi ya chumvi hizo za kukausha zimo, kisha wanapima ni kiasi gani kinachotoka kwenye utando uliokwisha kukauka. Na sheria ya Ulaya ya mwaka 2004, namba 1935, inasema kitu kinachogusa chakula kisikipe sumu, na tena kisibadilishe ladha wala harufu yake. Sikilizeni hilo la harufu, maana maabara yake mnayo nyote, iko katikati ya uso. Weka bakuli ndani ya mfuko wa plastiki, lifunge usiku kucha, asubuhi fungua na unuse. Likinuka kopo, halijakomaa. Mimi nahesabu siku 30, na masika naongeza.

Yapo maumivu mengine yanayotokana na mafuta yanayokauka, na sitakuwa mwungwana nisipoyasema. Mafuta yanapokula hewa yanatoa joto. Kwenye ubao joto hilo linapotea. Kwenye tambara lililokunjwa halina pa kutokea, linapanda lenyewe mpaka tambara linawaka bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza liliwaka moto ulioanzia ghorofa ya 22, kwenye matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa na waliokuwa wakipaka mbao za ukutani. Zimamoto watatu walikufa. Moto ulikuja kusimama ghorofa ya 30, kwa sababu huko palikuwa na mabomba ya dari ya kunyunyizia maji yaliyojifungua yenyewe. Matambara, ndugu zangu! Mimi mwenyewe nimewahi kuinua tambara kutoka kwenye ndoo ya takataka nikalikuta la moto kama chapati iliyotoka jikoni. Yatandazeni kwenye kamba, moja moja, nje, mpaka yakakamae kama kadibodi. Au yalowekeni kwenye maji. Na mwanafunzi asiruhusiwe kutoka kabla hajafanya hivyo.

Tumalize swali la kwanza, tuingie la pili: chombo hiki kitafanya kazi gani?

Kinu, mchi, mbuzi ya kukunia nazi, na mwiko wa ugali, mimi sivipaki kitu kinachojenga utando. Vinasuguliwa, vinapigwa, vinachemshwa, na utando wowote utameguka na kuingia kwenye chakula. Hata nta haina maana kwenye mwiko: nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 64, na ugali unachemka karibu na 100, kwa hiyo nta yako itakuwa kitoweo mara ya kwanza tu. Haitamdhuru mtu, lakini umemuuzia kitu ambacho hakipo. Mwiko uchongwe kwa mti mgumu uliokauka, upigwe msasa, upakwe mafuta ya nazi au ya famasi ukitaka, basi. Wenzetu wa Rwanda na Ankole wana vyombo vya maziwa vilivyochongwa kwa mti, icyansi kwa Kinyarwanda, ekyanzi kwa Kinyankole, na umalizaji wao ni moshi. Wanafukiza. Na maziwa wanayajua kuliko sisi.

Kibao cha kukatia ni kingine. Hapa adui ni kisu. Ukikipaka vanishi kitapendeza siku ya harusi, na kufikia arubaini ya bibi harusi kimekwisha kumenyeka. Maji yanaingia chini ya utando, hayatoki, mti unaoza kwa ndani huku juu unang'aa. Kibao kinataka kitu kinachozama na kinachoweza kurudiwa na mwenye nyumba mwenyewe: mafuta ya famasi na nta ya nyuki, au tung iliyokomaa. Wapo wapishi wa hoteli watakaowaambia kwamba mbao ni uchafu na plastiki ni usafi. Waambieni kwa upole kwamba katika miaka ya 1990 mtafiti Dean Cliver wa Marekani alipima jambo hilo hilo akitarajia plastiki ishinde, akakuta vijidudu vilivyowekwa kwenye mbao vinazama na kufa, ilhali plastiki iliyochanjwachanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafishwa kwa mkono. Siyo ruhusa ya kutokuosha.

Bakuli la matunda, sinia la kupelekea vikombe, kifuniko cha chombo cha sukari: hapo vanishi inakubalika, ikikomaa. Shelaki nayo inafaa. Ni ute wa mdudu anayefugwa India na Thailand, na mmeshaula wote hapa, kwa kuwa ndio unaong'arisha peremende na baadhi ya vidonge, ukiandikwa E904 kwenye pakiti. Haipendi kikombe cha chai ya moto wala pombe, basi usiiweke pale vitakapokuwapo.

Naona fundi mmoja kule nyuma ananyanyua daftari, maana yake mnataka vipimo. Haya. Bakuli au kibao kikishapigwa msasa namba 220, kilowesheni kwa kitambaa chenye maji, kikauke usiku mzima. Asubuhi pitisha kiganja: utasikia manyoya yamesimama, kama shavu la mtu aliyenyoa jana. Yapigeni msasa mwepesi tena, na mteja akija kukiosha hayatasimama. Kisha nta gramu 100, mafuta ya famasi gramu 400. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Msiweke mafuta na nta moja kwa moja kwenye moto, na nawaomba msiniite mtakapoungua. Ikiyeyuka, mimineni kwenye kopo, ikipoa inakuwa laini kama siagi. Nta inunueni ile ya Tabora au Kitui, iliyochujwa, na iliyochanganywa mtaijua: ikunjeni kipande mkononi, nta halisi hulegea taratibu na kunukia asali, ya kughushi hukatika na kunukia mshumaa. Pakeni kwa wingi, muiache ilale usiku, asubuhi pangusa yote isiyoingia. Yote. Kinachobaki juu hakilindi kitu, kinakusanya vumbi.

Kwa mafuta yanayokauka kanuni ni kinyume cha tamaa: pakeni kidogo, subirini dakika ishirini, pangusa mpaka mti uonekane mkavu, ngojeni siku kadhaa, rudieni. Mara tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa sababu ile nene hukauka ngozi ya juu na kubaki ute chini yake.

Na mteja aambiwe. Bandikeni kikaratasi kinachosema mmepaka nini na kipakwe lini tena. Jozi na karanga zinaweza kumwua mwenye mzio nazo, na yeye hawezi kujua kwa kutazama kibao. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, umepaka nini humu?" na nikajibu, "Mafuta tu, mama." Akakirudisha kibao mezani, akaondoka. Mjukuu wake alikuwa na mzio wa karanga, nikaja kuambiwa baadaye na jirani. Nilikuwa nimepaka ya nazi. Ningesema hivyo ningeuza.

Mzigo wa dawa ya viatu mlio nao stoo, najua swali hilo linawakereketa. Vile ambavyo rangi haijazama, kwangueni na mpige msasa mpaka mti mbichi uonekane, muanze upya. Vilivyozama, toboeni tundu kwenye mpini, tieni uzi, viuzeni vya kutundika ukutani, na kikaratasi kiseme hivyo.

Sasa turudi kwenye glasi zetu. Naomba mama uliyeketi mstari wa mbele, mwenye leso nyeupe, usogee. Karibu. Toa kijiko hiki cha kwanza, cha mafuta ya kitani, kifute kwa leso yako mwenyewe. Waonyeshe. Mafuta ya kupikia tu, sivyo? Sasa geuza upande wa pili wa leso, futa hiki kingine. Kandamiza kidogo. Inua juu, wa nyuma waone.

Leso nitakulipa, mama, kwa sababu hilo doa halitoki.